Mkandaji wa Njingala

Njia ya miguu kutoka Bisie iliishia Njingala, na pale Njingala palikuwa na mama mmoja mkandaji. Tangu kasiterite, yaani jiwe la bati, ilipoanza kuchimbwa katika kilima hicho cha Bisie, huko Walikale, mashariki mwa Kongo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mawe ya bati yalitoka msituni kwa migongo ya vijana. Gunia moja lilikuwa na kilo 50, na safari ilipita kilomita 40 za matope, mizizi na mito, mara nyingi siku mbili. Jiwe la bati lina uzito wa karibu mara 7 ya maji. Gunia lake huonekana dogo, na kijana mgeni wa kazi hulidharau mpaka atakapoliinua.

Vijana hao walifika kwa mama shingo zikiwa zimekaza, mabega yamevimba pale kamba ilipokaa, na miguu imechubuka. Walisema, "Mama, nikande." Yeye hakuanza kukanda. Alianza kwa kuangalia vitu vyake, na huko kuangalia ndiko kulikonifanya niiheshimu kazi yake kuliko kazi nyingi zinazofanywa ofisini.

Nianze na mafuta, maana kwake mafuta yalikuwa nusu ya kazi. Walikale ni nchi ya michikichi, na mawese yake huliwa hadi Goma. Lakini mawese mekundu aliyaacha jikoni. Ni mazito, hutia rangi nguo na ngozi, na mtu anayerudi njiani kesho hapaswi kunuka sufuria. Alitumia mafuta meusi ya kokwa za mchikichi, yale ambayo akina mama wengi huwapaka watoto wachanga. Alinunua kwa mtu anayemjua. Alifungua bidoni, akanusa, akapaka tone moja upande wa ndani wa kifundo cha mkono, akangoja. Mafuta yaliyoungua motoni aliyarudisha. Mafuta yaliyotiwa ndani ya bidoni lililowahi kubeba petroli aliyarudisha pia, hata kama muuzaji aliapa kwamba limeoshwa kwa sabuni na mchanga. Nilimwona akibishana na muuzaji mmoja sokoni hadi watu wakasimama kusikiliza. Alisema ngozi iliyochubuliwa na kamba hunywa kila inachopakwa, na yeye hawezi kumnywesha mtoto wa mtu petroli.

Nyumbani mafuta yale aliyamimina katika chupa ndogo, ya kutosha watu wachache tu. Vidole vyake havikuingia kwenye bidoni hata siku moja. Alimimina kiganjani, akasugua viganja vyake mpaka vikapata joto, ndipo akagusa. Aliye mvivu humwagia mgonjwa mafuta baridi mgongoni, na misuli ile ile anayotaka ilegee hukaza palepale.

Vitu vingine vilikuwa vichache. Mkeka mnene. Kigoda cha kukalia ili mgongo wake mwenyewe usife kwa kuokoa migongo ya wengine. Mbabula na makala, kwa sababu maji ya moto hayakukosekana. Chumvi kidogo ya kutia katika maji ya miguu. Sabuni. Wembe wa kukatia kucha zake, ambazo sikuwahi kuziona ndefu. Na vitenge viwili kwa kila anayelazwa, kimoja cha kulalia na kimoja cha kufunikia, vilivyofuliwa na kuanikwa juani.

Kile kitenge cha kufunikia kinastahili maneno yake. Alifunua bega, akalikanda, akalifunika, kisha akaenda kwenye bega la pili. Hakuna aliyelala uchi mbele yake, awe mwanaume au mwanamke. Kwa wanawake alizidisha: aliwauliza kabla ya kugusa kila sehemu, na mlango ulikaa jinsi wenyewe walivyotaka, wazi au umefungwa. Katika nchi ambayo miili ya wanawake wengi imetendewa uovu kwa nguvu za silaha, kuuliza ni kifaa cha kazi sawa na mafuta. Hakipatikani sokoni.

Alijua pia kukataa. Mguu uliovimba upande mmoja, wenye joto na maumivu ndani ya shavu la mguu, hakuukanda. Alimtuma mwenye mguu hospitalini, maana damu iliyoganda ikisukumwa inaweza kwenda kumuua mtu kifuani. Mfupa uliovunjika hakuugusa. Homa vilevile. Alipoteza fedha kwa kukataa huko, na hakulalamika.

Ukipanda kuelekea Masisi mambo hubadilika, na mkandaji mwenye akili hubadilika nayo. Kule juu kuna baridi, mafuta ya kokwa huganda ndani ya chupa, na wafugaji wamezoea kupaka siagi ya ng'ombe. Pwani ya Waswahili nako utakuta mafuta ya nazi na ya ufuta, na mzazi hukandwa kwa maji ya moto katika siku zake arobaini. Wazungu hupenda kusema kwamba Per Henrik Ling, aliyefungua chuo chake Stockholm mwaka 1813, ndiye baba wa kazi hii. Alifanya yake, na nampa heshima. Lakini Wajapani walikuwa na wakandaji vipofu, waliofunzwa kuona kwa vidole, muda mrefu kabla yake, na bibi zetu hawakungoja barua kutoka Stockholm.

Leo katika miji yetu vinafunguliwa vyumba vya masaji, na sivichukii. Kinachoniuma ni namna vinavyonunuliwa vifaa vyake. Kwanza kitanda chenye ngozi ya kung'aa, ambacho kimo chake hakikupimwa kwa yule atakayesimama kando yake; mkandaji akisimama wima, ngumi yake inapaswa kugusa kitanda, vinginevyo kiuno chake kitakuwa kimekwisha kabla ya mwaka. Kisha manukato, taa za rangi, mashine ya kutetemesha, krimu ya mentholi inayoichoma ngozi hata mtu akadhani amepona. Shuka ni moja kwa wateja wa mchana kutwa. Kucha ni ndefu na zimepakwa rangi. Maji ya moto hakuna.

Njingala ile imekwisha. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu na Maniema kwa miezi kadhaa, na wabebaji wakatawanyika. Baadaye kampuni ya Alphamin ilitengeneza barabara hadi Bisie, na mwaka 2019 ikaanza kuuza bati lake. Magari yakachukua nafasi ya migongo. Hilo ni jambo la kushukuru, sitaki kijana yeyote arudi chini ya gunia lile. Kisha ikaja 2025: Goma ilichukuliwa na waasi wa M23 mwezi Januari, Walikale mjini mwezi Machi, na mgodi wenyewe ukafungwa kwa muda hadi Aprili. Watu walikimbia na magodoro na sufuria. Hakuna anayekimbia na bidoni la mafuta ya kukandia, na ujuzi wa mkandaji haukuandikwa popote ili mtu aubebe mfukoni.

Kwa hiyo ninakuomba wewe unayetaka kufungua chumba cha masaji Goma, Bukavu au Butembo: usianze na kitanda. Mtafute kwanza mama mmoja mkandaji, katika mtaa wako au katika kambi ya waliohama, umlipe vizuri, ukae naye anapochagua mafuta. Nenda mwaka huu, maana wamebaki wachache na ni wazee.