Ernst Happel, beki aliyegeuka mwalimu wa Ulaya
Ernst Happel (1925–1992) alikuwa beki wa Rapid Wien na wa timu ya Austria iliyoshika nafasi ya tatu katika Kombe la Dunia la 1954. Novemba 1956, mjini Vienna, aliifunga Real Madrid mabao yote matatu ya Rapid katika ushindi wa 3-1: mawili kwa mipira ya adhabu, moja kwa penalti. Washambuliaji wengi wangeridhika na jioni kama hiyo, sembuse beki.

Ukocha aliuanza Uholanzi mwaka 1962, ADO Den Haag. Alipohamia Feyenoord aliwataka wachezaji wambane mpinzani angali kwenye nusu yake, na mabeki wapande kwa pamoja ili mshambuliaji anaswe kwenye kuotea. Mpango huo ulidai pumzi na nidhamu kuliko vipaji. Feyenoord iliwatoa AC Milan, mabingwa watetezi, kisha ikaifunga Celtic 2-1 katika fainali ya Kombe la Ulaya ya 1970.

Mwaka 1978 alipoteza fainali mbili, ya Ulaya akiwa na Club Brugge na ya dunia akiwa na Uholanzi. Mwaka 1983 Hamburg, aliyokuwa akiifundisha, iliifunga Juventus 1-0 katika fainali ya Kombe la Ulaya mjini Athens, naye akawa kocha wa kwanza kulitwaa kombe hilo na klabu mbili. Alifariki akiwa kocha wa Austria, na uwanja wa Prater wa Vienna ukapewa jina lake.