Ufundi wa Kumsimamisha Mpita Njia

Wapo wafichaji wa jiokachingi, mchezo wa kusaka kwa GPS vitu vilivyofichwa, wanaosifiwa kwa vijisanduku ambavyo unaweza kuvikalia usivione. Wana haki ya sifa hizo. Lakini ninayemvulia kofia mimi ni yule anayenisimamisha mahali ambapo ningepita bila kugeuza shingo.

Mchezo wenyewe bado mchanga. Mwanzoni mwa Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kupunguza makusudi usahihi wa GPS kwa raia. Tarehe 3 ya mwezi huo Dave Ulmer aliacha ndoo porini karibu na Beavercreek, jimboni Oregon, akatangaza majiranukta yake kwenye intaneti. Kanuni zake zingalipo: tafuta, andika jina daftarini, na ukichukua kitu acha kingine. Mengine yote ni kazi ya mfichaji, na kazi hiyo nimeielewa zaidi Harpers Ferry.

Ni mji mdogo wa West Virginia, usiofikisha hata wakazi 300, ulioshikilia ncha ya nchi kavu pale mto Shenandoah unapoingia Potomac. Ukisimama nchani unatazama Maryland upande mmoja na Virginia upande mwingine. Sehemu kubwa ya mji wa chini ni hifadhi ya taifa, na katika hifadhi hizo huruhusiwi kujiwekea kijisanduku bila idhini. Kwa hiyo mfichaji hana cha kuficha. Kilichobaki mikononi mwake ni nukta kwenye ramani na swali ambalo mtafutaji hulijibu akiwa papo hapo. Nasema bila kusita kwamba hapo ndipo fundi na asiye fundi wanapojulikana.

Asiye fundi atakuuliza mji ulivamiwa mwaka gani. Jibu hilo unalipata umelala kitandani. Fundi atakupeleka mji wa chini, kwenye ukuta wenye alama za mafuriko, akutake unyooshe mkono kisha useme umeishia chini ya mwaka upi. Alama ya 1936 ndiyo ya juu kuliko zote. Mwaka ule maji yalipanda takriban mita 11. Unaweza kuwa umekwisha kuisoma tarakimu hiyo kitabuni ukaisahau. Ukiwa na mkono hewani, na alama bado iko juu ya vidole vyako, huisahau tena, wala huhitaji kuambiwa kwa nini mji wenye kiwanda, reli na mfereji ulidhoofika hivi.

Kisha kuna nyumba ndogo yenye jina la John Brown, mpinga utumwa. Usiku wa 16 Oktoba 1859, Brown na wenzake, Weusi kwa Weupe, waliteka ghala la silaha la serikali ili wawape watumwa bunduki. Walipozidiwa walijifungia katika kijumba cha matofali cha pampu za zimamoto, na asubuhi ya tarehe 18 askari walio chini ya Robert E. Lee wakauvunja mlango. Kijumba kipo, milango yake mitatu mipana imetazama mbele, na watalii hupiga picha wakaondoka. Mfichaji anayeujua mji hatakupa majiranukta ya kijumba. Atakupa ya mnara mdogo wa jiwe ulio mita 45 hivi kutoka hapo, juu ya tuta la reli.

Ukifika unashangaa, mbona hapa hapana kitu? Ndipo unapoanza kuuliza. Kumbe nyumba ilisimama hapa. Ilibomolewa ikapelekwa Chicago kwa maonyesho ya 1893. Ilipoletwa tena mwaka 1895, mahali pake palikuwa pamefukiwa na tuta, ikajengwa kwenye shamba nje ya mji. Huko ndiko wajumbe wa Niagara Movement, jumuiya iliyodai haki za Wamarekani Weusi, waliokutana hapa Agosti 1906, W.E.B. Du Bois akiwa miongoni mwao, walikoiendea alfajiri wakiwa wamevua viatu. Mwaka 1909 ikahamia Storer College, chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya watu waliotoka utumwani, na 1968 ikarudishwa hapa chini. Hatua chache kati ya jiwe na nyumba zimebeba habari zote hizo, nawe umezipata kwa sababu mtu mmoja alichagua nukta moja akaacha nyingine.

Huwezi kuchagua hivyo kwa kukaa mbele ya ramani. Fundi ameutembea mji hadi akajua lipi wageni wanaliruka, akapima mahali asubuhi na jioni, akahakikisha mtafutaji hatakanyaga kaburi wala kukwea ukuta mbovu. Kisha anakaa kimya na kukuacha uone mwenyewe. Nadhani kunyamaza huko ndiko kugumu kuliko yote.

Treni ya kutoka Washington, safari ya kilomita 90 hivi, husimama hatua chache kutoka mnara huo. Ukishuka, anzia kwenye jiwe kabla ya kwenda kwenye nyumba.