Makro Inahama, Kitufe Kinabaki

Mipangilio binafsi ya Excel haikai mahali pamoja. Makro za mtumiaji zimo ndani ya PERSONAL.XLSB kwenye folda ya XLSTART, orodha maalumu za kupangia majina zimo kwenye rejista ya Windows, vifupisho vinavyojisahihisha vimo kwenye mafaili ya .acl, na vitufe vya upau wa juu vina faili lao peke yao. Ofisi yenye kompyuta moja haiuoni mtawanyiko huo. Huonekana pale makarani wanapohama meza, na ofisi za ushirika wa korosho mkoani Mtwara zina hali hiyo kuanzia Oktoba: aliyeingiza uzito wa magunia asubuhi, mchana yuko kwenye kompyuta ya malipo, na kesho yake anapelekwa kufunga hesabu za ghala.

Windows ina dawa ya zamani ya jambo hili, nayo ni profaili inayohama. Mtumiaji akitoka, vitu vyake hupandishwa kwenye seva. Akiingia kwenye kompyuta nyingine, huteremshwa. Kinachohama ni kilichomo kwenye AppData\Roaming, pamoja na sehemu ya mtumiaji ya rejista. Kilichomo kwenye AppData\Local hubaki kilipo. Kwa hiyo karani aliyejitengenezea orodha ya vituo vya ukanda wa mdomo wa Ruvuma, yaani Msimbati, Madimba, Kilambo, Kitaya, kwa mpangilio wa daftari lake na si wa alfabeti, ataikuta orodha hiyo kila anapokaa. Hapo kazi ilifanywa sawasawa.

Kosa lilifanyika kwenye vitufe, na halina utetezi. Office 2007 ilipozifuta pau za vitufe za zamani na kuleta utepe, vitufe ambavyo mtumiaji amejiwekea viliandikwa kwenye faili jipya, Excel.qat, na faili hilo likatiwa kwenye folda ya Local. Makro zikaachwa kwenye folda inayohama. Yaani programu hiyohiyo, kwa mtumiaji huyohuyo, iliruhusu makro isafiri na kukizuia kitufe chake.

Madhara yake yaonekana vizuri zaidi kwenye kibodi. Upau mdogo wa juu huhesabiwa kutoka kushoto: Alt+1, Alt+2, Alt+3. Karani ameweka makro ya kukokotoa makato nafasi ya tatu, na baada ya wiki mbili za msimu vidole vyake havihitaji tena macho. Anahamia kompyuta ya pili. Makro ipo, akibonyeza Alt+F8 ataiona. Lakini upau wa kompyuta ile ni ule wa kiwandani wa Excel 2007: hifadhi, tengua, rudia. Alt+3 sasa ni rudia. Kama hakuna alichotengua, kitufe hakifanyi kitu, na hiyo ni bahati. Kama sekunde chache nyuma alitengua kilo alizoziandika kimakosa, Alt+3 inazirudisha palepale, kimyakimya, naye anaamini makato yamekokotolewa.

Inaweza kudaiwa kwamba kitufe kinachohama huenda kikaita makro isiyokuwepo kwenye kompyuta ya pili. Hoja hiyo haisimami. Kitufe kinachoita kitu kisichokuwepo hutoa ujumbe wa kosa, na ujumbe wa kosa ni bora mara kumi kuliko kitufe kinachofanya kazi nyingine. Tena Microsoft yenyewe iliweka sera ya kundi inayoruhusu vitufe hivyo vihame, ila ikaiacha imezimwa. Kampuni kubwa ina msimamizi wa mtandao wa kuisoma sera hiyo na kuiwasha. Chama cha msingi chenye kompyuta nne na fundi anayeitwa mashine ikigoma hakitaisikia kamwe.

Waliotangulia hawakuwa na tatizo hili. Excel 2003 iliandika pau zote kwenye Excel11.xlb, faili moja, ndani ya folda inayohama. Fundi aliweza hata kulinakili kwa mkono. Lotus 1-2-3 ya miaka ya 1980 ilikuwa nyepesi zaidi: /WGDU, mipangilio ikaandikwa kwenye 123.CNF, diskete ikachukuliwa, ikaenda meza ya pili. Programu ya zama ambazo ofisi nyingi hazikuwa na mtandao ilihamisha mipangilio vizuri kuliko ile iliyozaliwa ndani ya mtandao. Na 2007 ndio mwaka uleule Mtwara ilipoanza kuuza korosho kwa stakabadhi ghalani, karatasi zikaongezeka mezani, na makarani wakahitaji zaidi chombo kinachowafuata.

Excel 2010 ilileta njia ya kutoa mipangilio ya utepe kama faili na kuiingiza kwenye kompyuta nyingine. Hiyo ni nusu ya dawa: kuingiza hufuta vitufe vyote vilivyokuwepo, na faili jipya, Excel.officeUI, bado huwekwa Local. LibreOffice huweka mipangilio, makro na pau chini ya folda moja inayohama, na hakuna la kuongeza.

Kuweka PERSONAL.XLSB moja kwenye seva kwa ofisi nzima ni jaribio la kawaida. Wa kwanza kulifungua hulishika, na wengine huambiwa linatumika. Likiwekwa la kusomwa tu, ugomvi huisha. Njia iliyo bora ni nyongeza ya .xlam yenye utepe wake ndani yake, iliyowekwa kwenye folda ya seva na folda hiyo ikatajwa kuwa inaaminika.

Nyongeza hiyo ikisoma mafaili ya CSV kutoka kwenye mizani, donda la zamani hurudi. Faili likifunguliwa kwa mkono, tarehe hufuata mpangilio wa Windows wa mtumiaji. Likifunguliwa na makro, hufuata wa Kimarekani, mwezi kwanza, isipokuwa amri iwe na Local:=True. Mzigo wa 11/10 huwa wa Novemba, nao wa 10/11 hurudi Oktoba. Miezi yote miwili ni ya mnada, kwa hiyo jicho halishtuki. Tarehe kama 25/10 huachwa kuwa maandishi na hukosekana kwenye jumla.

Ofisi yenye seva na iwashe sera ile ya kuhamisha vitufe Septemba, kabla ya mnada wa kwanza. Isiyo na seva ivitie vitufe ndani ya .xlam na iwakataze makarani kubonyeza Alt+3 kwenye kompyuta ambayo upau wake hawajautazama.