Kidaka na Kaburi: Tafakuri ya Moyo katika Al-Inkishafi

Wahakiki wa ushairi wa Kiswahili wamezoea kuusoma utungo wa Al-Inkishafi kwa njia mbili. Wako wanaouchukua kuwa ushahidi wa historia, yaani maombolezo ya mji wa Pate, uliotajirika kwa biashara ya baharini na ambao nguvu zake zilizidi kudhoofika baada ya vita vya Shela mwanzoni mwa miaka ya 1810. Wako pia wanaouchukua kuwa mawaidha ya dini yaliyovishwa vina na mizani. Makala haya hayakanushi usomaji wowote kati ya hizo mbili. Yanadai tu kwamba zote mbili huliruka jambo lililo kiini cha utungo wenyewe, nalo ni namna mtu anavyojifunza kutazama.

Tuanze na jina. Neno hili la Kiarabu latokana na mzizi wenye maana ya kufunua, lakini limenyambuliwa katika hali ya kutendeka: ni kufunuka, wala si kufunua. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir hajidai kuwa yeye ndiye mfunuaji. Mambo yanafunuka mbele ya yule aliyekubali kutulia akayatazama. Na huyo anayetakiwa kutulia si msomaji, bali ni moyo wa mshairi mwenyewe. Hapa ndipo utungo huu unapoachana na mawaidha ya kawaida. Katika utendi wake wa mwaka 1858 Mwana Kupona, naye akikikabili kifo, anamwusia binti yake. Sayyid Abdallah hana mwanafunzi mwingine ila nafsi yake. Hii ndiyo muhasaba ya wanatasawufi, yaani mtu kuihesabu nafsi yake kabla haijahesabiwa. Al-Ghazali aliiwekea mlango wake katika Ihya, na kitabu cha mwisho cha kazi hiyo kubwa akakifanya cha kukumbuka mauti. Hatuna haja ya kudai kwamba mshairi wetu alimfuata neno kwa neno; yatosha kusema kwamba wote wawili wamo katika mapokeo mamoja.

Fani nayo inasaidia kazi hiyo. Mshororo wa utungo huu, wenye kawaida ya mizani kumi, ni mrefu kuliko ule wa mizani minane wa tenzi nyingi, nao hukatika katikati kama mtu avutaye pumzi. Mishororo mitatu ya kila ubeti ina kina chake, na wa nne hurudi kwenye kina kimoja cha utungo mzima. Moyo hutangatanga katika mitatu, kisha ukarejeshwa.

Taswira za mwanzo ni za dunia kwa ujumla: bahari yenye mawimbi, mazigazi yamhadaayo mwenye kiu, vumbi lionekanalo katika mwali wa jua ambalo mkono ukilishika hutoka mtupu. Ni taswira nzuri, lakini si hizo zilizoupa utungo nguvu yake. Nguvu hiyo imo katika nyumba. Mshairi anatuingiza katika majumba ya mabwana wa Pate, anatuonyesha taa zake, vyombo vya kaure na madaka yaliyopangwa ukutani. Halafu anaturudisha humo humo. Popo wananing'inia, buibui wametanda utando wao, na katika madaka yaliyowekwa sahani wamelala makinda ya ndege.

Tukitazame kidaka hicho. Mshairi hasemi kwamba kimebomoka. Kidaka kipo, kingali na umbo lake, na bado kinahifadhi kitu. Kilichobadilika ni mkaaji wake. Kifo hapa hakiji na sauti ya radi. Kinaonekana mahali ambapo mkono wa mwenye nyumba ulizoea kufika kila siku.

Wapo watakaosema kwamba ushairi wa namna hii ni kilio cha tabaka lililopoteza mali yake, na kwamba unamfundisha mtu kuipa dunia mgongo. Hoja hiyo ina uzito, kwani watumwa na watumishi waliozisafisha taa hizo hawakuulizwa habari zao. Lakini aidharauye dunia haitazami kwa makini kiasi hiki. Mshairi anazitaja nakshi na vyombo kwa jicho la mtu aliyevipenda, naye haombi virudishwe. Kuvipenda na kuviacha kumekaa pamoja katika ubeti mmoja, na huo ndio ugumu wa somo lake.

Sehemu ya mwisho, inayotaja tabaka za Moto, kwa maoni yetu ni dhaifu zaidi kisanaa. Moyo uliokuwa ukitazama sasa unatishwa, na mwenye kutishwa hufumba macho. Hata hivyo walimu tusiikate sehemu hiyo tunapoufundisha utungo huu, kwa maana kwa mshairi kufunuka hakukamiliki kaburini.

Tunachopaswa kuacha ni ile desturi ya kuwauliza wanafunzi tu kwamba utungo huu "unafundisha nini". Tuwaulize kwanza: katika kidaka hicho mmeona nini? Atakayejibu swali hilo kwa uaminifu atakuwa amekwisha kuanza kulijibu lile la pili.