Ondoa Hiyo Ndoo: Kusoma Majarida ya Nyumba Ukiwa Mwanza

Majarida ya nyumba ni fasihi. Najua kuna mtu ameshacheka, na simlaumu, maana tumezoea kuyakuta saluni na kwenye vyumba vya kusubiria daktari, tunayafungua huku tunaangalia saa. Lakini yana kila kitu tunachokitafuta kwenye hadithi: yana wahusika, yana mandhari, yana msamiati wake na miiko yake. Yana hata mwisho wake wa lazima, sebule safi yenye mwanga wa asubuhi. Tunahakiki riwaya, tunahakiki mashairi, siku hizi tunahakiki hata mistari ya Bongo Fleva. Haya majarida tunayaacha yapite, kana kwamba picha haina msimulizi.

Msimulizi yupo. Namfahamu vizuri, kwa sababu kwa miaka miwili hivi, kabla sijarudi Mwanza, nililipwa kuifanya kazi yake.

Jarida lenyewe lilikuwa Dar es Salaam, na silitaji jina kwa sababu kanuni zake si zake peke yake. Fungua la Nairobi au la London utazikuta zilezile. Siku ya kupiga picha tulifika mapema: mpiga picha, mpambaji, mimi na daftari langu. Kazi ilianza kwa kuondoa. Chupa ya chai, chaja za simu, viatu vya mlangoni, kalenda ya benki, kanga iliyotupiwa kwenye kiti, dawa ya mbu. "Ondoa hiyo ndoo" ndiyo sentensi niliyoisikia kuliko zote. Baada ya hapo tukaingiza vya kwetu: mito miwili ya rangi ya haradali, vitabu vilivyochaguliwa kwa rangi ya jalada, na bakuli la malimao. Malimao yaleyale yamewahi kuingia nyumba tatu ndani ya wiki moja, Mbezi, Mikocheni na Msasani, na hakuna aliyeyakamua. Dada wa kazi, ambaye ndiye aliyejua kila kitu kinakaa wapi, aliombwa asubiri nje mpaka tumalize. Kwenye ukurasa likatoka jina la mwenye nyumba, jina la mbunifu kama yupo, na jina la duka lililouza makochi. Fundi aliyepanga vigae hakuwa na pa kuandikwa.

Picha ikishasafishwa hivyo, lugha nayo inafuata. Sikiliza sentensi za aina hii: sebule inakukaribisha; jiko linapumua; kibaraza kinatazama ziwa. Nimezitunga mwenyewe sasa hivi, lakini ukifungua jarida lolote la nyumba utakutana na ndugu zake. Vitenzi vyote kapewa nyumba. Watu wameachiwa kitenzi kimoja tu, "kufurahia". Yaani jengo ndilo linafanya kazi, binadamu anakaa anafurahia. Kwa Kiswahili ninachokijua mimi, anayekaribisha ni mtu. Hodi inahitaji koo la mtu, na karibu inahitaji koo la mtu mwingine. Sebule haijawahi kumkaribisha yeyote.

Sasa weka pembeni ya jarida hilo kitabu cha mtu wa ziwa hilihili. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896, alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ikakaa miaka 35 bila kuchapwa. Mwenyewe akaitafsiri kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakaitoa mwaka 1980 kwa jina refu kama ukoo: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Mwaka uliofuata, 1981, mzee akafariki. Mwaka huohuo jarida la The World of Interiors, mojawapo ya majarida ya nyumba yanayoheshimiwa zaidi duniani, lilianza kutoka London. Ni sadfa tu, wala sijengi hoja juu yake. Ila inanisaidia kuviona vitu viwili hivi kama watu wa rika moja, kila mmoja akijibu kwa namna yake swali la nyumba ni nini.

Wengi wetu tuliomsoma Kitereza chuoni tulilalamika kwamba anaeleza mno. Bwana Myombekere na mkewe hawana mtoto. Maneno ya ndugu wa mume yanazidi, mpaka wazazi wa Bugonoka wanakuja kumchukua binti yao. Myombekere anakwenda kumwomba arudi, na anatozwa pombe. Mwandishi mwingine angesema "akapika pombe, akaipeleka", tukaendelea na mambo mengine. Kitereza hakubali. Kutoka kwenye ndizi mpaka kwenye pombe tunapitishwa kazi yote, na mikono ya watu wanaohitajika ili kazi iishe. Mgeni akifika tunaonyeshwa anavyopokewa, anavyolishwa na anavyosindikizwa. Ukisoma haraka, unaona ni mila zimerundikwa. Ukisoma taratibu, unagundua kwamba hiyo ndiyo ramani ya nyumba. Huijui kwa rangi ya ukuta. Unaijua kwa safari za watu kutoka jikoni kwenda uani, kutoka uani kwenda kwa jirani.

Tena angalia kinachotokea Bugonoka anapoondoka. Hakuna kilichobomoka. Paa liko vilevile, mlango uko vilevile. Lakini nyumba ya Myombekere imepata tundu ambalo hakuna fundi wa kuliziba. Kiswahili chenyewe kinalijua jambo hili. Tukisema fulani kavunja nyumba ya watu, hakuna anayeuliza nyundo iko wapi.

Usije ukadhani nakuambia turudi zamani, eti ndani ya nyumba za nyasi kila mtu alikuwa na raha. Kisiwa kilekile cha Ukerewe kilimtoa Euphrase Kezilahabi, na Rosa Mistika yake ya mwaka 1971 inaanzia kijijini kwake, Namagondo. Nyumba ya Zakaria ina mke na watoto tele, na bado Rosa anapigwa na baba yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Hapo nyumba imejaa watu na haina usalama. Kumrudisha mtu kwenye picha, basi, hakuifanyi nyumba iwe njema. Kunatuwezesha tu kuuliza: nani analala kwa amani humu, nani anaamka kwanza, nani anaogopa mlango ukigongwa? Picha ya malimao haiwezi kuulizwa maswali hayo, na nadhani ndiyo sababu inapendeza.

Nimerudi Mwanza na maswali hayo, na mji huu unayafanya yawe mazito zaidi. Njoo kwa maji, kwa feri ya Kamanga kwa mfano, utauona mji katika sehemu mbili. Kuna Capri Point yenye miti na nyumba zenye madirisha makubwa, na kuna vilima kama vya Igogo, ambako nyumba na majabali vimekaa bega kwa bega mpaka juu. Jarida la nyumba linajua la kufanya na Capri Point. Vilima linavitumia kama mandhari ya nyuma, vikiwa mbali, jioni, taa zikiwa zimewaka.

Lakini hebu isome nyumba ya mlimani kama Kitereza angeisoma. Inaanza na jiwe. Jiwe kubwa kuliko daladala haliondolewi. Unalizunguka, au unaliegemea likawa ukuta wa nyuma, au unalipunguza kidogokidogo: linachomwa moto mpaka linaingia ufa, kisha linagongwa, vipande vikubwa vinakwenda kwenye msingi na vidogo vinakuwa kokoto. Saruji inapanda begani, mfuko wa kilo 50, kwenye njia ambayo hata bodaboda imeishia chini. Mchanga unapanda kichwani. Bati linapanda likiwa limeshikwa na watu wawili, huku wanaomba upepo wa ziwa utulie. Na maji ya kuchanganyia zege nayo yanapanda, kwenye ndoo. Kwa hiyo ukiniambia niondoe ndoo kwenye picha ya nyumba ya Mabatini, umeniambia niondoe msingi wake.

Majina yetu yenyewe yanakumbuka vifaa. Mabatini limebeba bati. Makoroboi, pale mjini chini ya miamba, limebeba koroboi, taa ya mafuta inayotengenezwa kwa makopo. Kuna miji inayoita mitaa yake kwa majina ya majenerali. Sisi tuna mtaa wenye jina la paa na mwingine wenye jina la taa. Kama hiyo si historia ya usanifu wa ndani, sijui ni nini.

Chukua pia neno "mandhari". Kwenye jarida, ziwa ni mandhari: liko dirishani, bluu, limetulia. Kwa anayekaa ufukweni, ziwa ni jirani mwenye tabia zake. Linaleta wadudu wadogo wanaokuja kama moshi na kujaa kwenye taa. Mwaka 2020 lilipanda isivyo kawaida, likaingia kwenye mashamba, mialo na nyumba za watu kuzunguka nchi zote tatu zinazolimiliki. Hata sheria inalitambua kama jirani: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa ambazo shughuli za kudumu zinakatazwa. Nyumba nzuri ya ufukweni ni ile inayojua kukaa na jirani huyu. Sijawahi kuona jarida likiipima nyumba kwa mita hizo.

Hapa ndipo uhakiki unapoacha kuwa mambo ya wasomi. Mtaa kama Mabatini una jina lingine kwenye ripoti: makazi holela. Ni neno la kihakiki hilo, tena kali kuliko lolote tunalowapa waandishi. Holela maana yake bila utaratibu. Lakini kuacha mkondo wa maji ya mvua upite, kukubaliana na jirani ngazi itakatiza wapi, kugeuza mlango ili usitazamane na choo cha mwenzako, ni utaratibu. Kilichokosekana ni mchoro. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imeliona hilo kwa kiasi, ndiyo maana kuna leseni ya makazi kwa anayeishi kwenye eneo lisilopimwa. Baadhi ya vilima vimeshafikiwa na mabomba madogo ya majitaka, na bomba ni aina ya sentensi: mji unasema "tumekuona". Sisemi hakuna hatari. Jiwe linaweza kuporomoka kwenye mvua, gari la zimamoto halifiki, mama mjamzito anashushwa kwa miguu usiku. Hayo yasemwe wazi. Ila kuna tofauti kati ya kueleza hatari ya nyumba na kuifuta nyumba yenyewe kwa neno moja. Nyumba isiyo na maelezo mazuri ni rahisi kubomoa, kwa sababu siku tingatinga likija, hakuna anayejua kilichokuwepo.

Niwatendee haki wenzangu wa majarida. Wapo watakaosema watu wananunua ndoto, na ndoto si dhambi. Nakubali. Mwaka jana, nikifuatilia habari ya maji, niliingia kwenye chumba cha kupanga kule Igogo cha dada mmoja anayeuza dagaa Mwaloni. Ukutani, pale plasta ilipobanduka, alikuwa amebandika kurasa za jarida la nyumba. Moja ilikuwa jiko jeupe, kubwa, tupu kabisa. Nikamuuliza kwa nini hilo. Akasema, "Napenda dirisha lilivyokaa juu ya sinki. Unaosha vyombo huku unaona nje nani anakuja."

Sijasoma uhakiki mzuri wa jiko kuliko huo. Jarida lilimpa jiko lisilo na mtu. Yeye akaingia ndani, akafungua maji, akaweka vyombo vichafu, akamweka na mgeni njiani. Kitenzi kilichoondolewa na mpambaji, amekirudisha msomaji. Ndoto yake haikuwa kufurahia. Ilikuwa kufanya kazi yake akiwa amesimama mahali pazuri.

Hiki ndicho ninachowadai wanaoandika nyumba kwa Kiswahili, iwe kwenye jarida, gazeti au riwaya. Mwandike fundi kwa jina lake kama mnavyomwandika mwenye nyumba. Semeni maji yanafikaje na nani anayabeba. Semeni mgeni anakaa wapi na dada wa kazi analala wapi. Mkiona aibu kuandika la pili, hiyo aibu ndiyo habari. Tumerithi kutoka kisiwani Ukerewe mwandishi aliyeamini kwamba kazi ya kupokea mgeni inastahili kurasa, na mwingine aliyethubutu kuonyesha kinachoendelea mlango ukishafungwa. Kwa urithi huo, "sebule ya kisasa yenye mvuto" ni umaskini wa kujitakia.

Na wewe msomaji, jaribu zoezi dogo. Andika sentensi tatu juu ya nyumba unayokaa, kila moja ianze na mtu. Mimi nimejaribu jana. Ya tatu ilinichukua jioni nzima, kwa sababu ilinibidi kwanza niulize nani alilijenga hili jiko ninalopikia, na jirani wa chini ndiye aliyenitajia jina.