Uhakiki wa Kitabu: Mtoto Mtundu, au Mlango Ulio Wazi Mno?

Kitabu: The Out-of-Sync Child. Mwandishi: Carol Stock Kranowitz. Toleo la kwanza 1998, la pili 2005, la tatu 2022.

Huenda msomaji akashangaa kuona Idara ya Kiswahili inahakiki kitabu kinachohusu malezi na tiba. Sababu tunayo. Wanafunzi wetu wanaporudi kutoka mazoezi ya kufundisha, ripoti zao huwa zimejaa maneno kama mtundu, mkaidi, mvivu na hana adabu. Hayo ni maneno ya hukumu. Bi. Kranowitz anamtaka mwalimu aeleze kwanza alichokiona, ndipo ahukumu, kama bado atakuwa na haja ya kuhukumu.

Mwandishi si mtabibu. Alifundisha muziki na miondoko katika shule ya chekechea eneo la Washington, Marekani, kwa miaka mingi. Nadharia aliitoa kwa Jean Ayres, mtaalamu wa tiba kwa vitendo na saikolojia wa California, ambaye kitabu chake cha kwanza kuhusu jambo hili kilitoka mwaka 1972. Kwa ufupi, Ayres alisema kuwa ubongo hupokea habari kutoka mwilini na nje ya mwili, huzipanga, kisha huamua la kufanya. Mpangilio huo ukiwa na dosari, tabia ya mtoto nayo huonekana kuwa na dosari.

Sisi tumezoea kutaja milango mitano ya fahamu. Ayres alisisitiza mingine ambayo haihesabiwi: ule wa sikio la ndani unaotupa mizani, na ule wa misuli na viungo unaotuambia mkono uko wapi hata tukifumba macho. Sitiari yetu ya mlango, kwa maoni yangu, inaeleza mambo haya vizuri kuliko jina la kitabu lenyewe. Kuna mtoto ambaye mlango wake uko wazi mno: mshono wa soksi humchoma kama mwiba, na kengele ya shule humfanya azibe masikio na kulia. Kuna ambaye mlango wake umeegeshwa. Unamwita mara tatu, haitiki. Wa tatu hutafuta hisi kwa nguvu: huzunguka, husukumana, hujigonga ukutani.

Mfasiri atakumbana na kitenzi kusikia. Katika Kiswahili mtu husikia kelele, husikia harufu, husikia baridi na husikia njaa. Kiingereza hutenganisha mambo hayo, Kiswahili huyaweka pamoja. Mwalimu akiandika kwamba “mtoto hasikii”, tumwulize: hasikii sauti, hasikii maumivu, au hasikii la mkubwa? Watoto wa aina tatu wamefichwa katika kitenzi kimoja, na kwa desturi ni yule wa mwisho tu anayefikiriwa.

Mbinu zinazopendekezwa kwa darasa ni nyepesi: kumketisha mtoto mbali na mlango na dirisha, kumtahadharisha kabla ya kubadili shughuli, kumpa kona tulivu, na kumpa kazi nzito kidogo kama kubeba vitabu au kufuta ubao kabla ya somo la kukaa kimya. Hapa ndipo kitabu kinapotugusa. Katika shule zetu mtoto msumbufu hutumwa kuteka dumu la maji baada ya kosa, kama adhabu. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo angeweza kumpa dumu hilo hilo kabla ya kosa, ili misuli ifanye kazi na mwili utulie. Kazi ni moja, lakini mtoto anajua kabisa ipi ni adhabu. Nchini Uganda, sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 inakataza viboko shuleni. Mwalimu aliyenyang’anywa fimbo bila kupewa kitu kingine mkononi atabuni adhabu nyingine.

Hata hivyo, kitabu kina udhaifu mkubwa. Orodha zake za dalili ni ndefu kiasi kwamba karibu kila mtoto ataangukia mahali fulani. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilishauri kwamba hali hii kwa jumla isitumiwe kama jina la ugonjwa unaojitegemea, na mwongozo wa magonjwa ya akili wa mwaka 2013 haukuiingiza peke yake, ingawa ulizitaja tofauti za hisi miongoni mwa dalili za usonji. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2022, uliohusisha watoto 138 wenye usonji, haukuona kwamba tiba ya Ayres inabadili tabia zaidi ya huduma ya kawaida. Msomaji asitarajie kupata tahadhari ya kiasi hicho katika kitabu chenye shauku kama hiki.

Jambo moja linampa mwandishi heshima. Angalia kichwa kidogo cha kila toleo: mwaka 1998 aliandika juu ya mpangilio wa hisi usiofanya kazi, mwaka 2005 juu ya ugonjwa, na mwaka 2022 juu ya tofauti. Kwa mwanafunzi wa leksikografia, hiyo ni tasnifu nzima.

Atakayekitafsiri asianze na orodha. Aanze na sura zinazohusu shule, abadilishe bembea za kliniki kwa kamba ya kuruka na kinu, na afikirie darasa la watoto 80 ambamo kona tulivu haipo. Mwanafunzi anayekwenda mazoezini muhula ujao asome sura hizo hizo, kisha pale anapotaka kuandika “mtundu” aandike sentensi mbili: mtoto alifanya nini, na nini kilitokea dakika moja kabla.