Asia ya Marina na Tui la Nazi



Neno "Asia" limetusumbua tangu tuanze kula Dubai Marina. Kwetu Afrika Mashariki, Muasia ni jirani: mwenye duka Kisumu au Mombasa, au wale waliopewa siku 90 na Idi Amin mwaka 1972 wahame Uganda. Hapa mkahawa ukijiita wa Kiasia, tarajia samaki mbichi wa Kijapani, vijaluba vya mvuke vya Kichina na mchuzi wa kijani wa Kithai kwenye menyu moja. Wahindi wametengewa mikahawa yao, na Ufilipino, walikotoka wengi wa wahudumu, mara nyingi haitajwi kabisa.

Hatuna ugomvi na kuchanganya. Pilau, chapati, sambusa na achari, vyote tulivipata kwa njia ya bahari, na urojo wa Unguja ni nini kama si mchanganyiko? Lakini urojo ulichanganywa na watu waliokaa mtaa mmoja. Menyu nyingi za hapa, kando ya mfereji huu wa kilomita 3 uliochimbwa jangwani, zinaelekea kuchanganywa na mhasibu.

Kipimo chetu ni nazi. Nasi lemak ya Malaysia na wali wa nazi wa Mombasa ni ndugu wa damu: mchele hupikwa ndani ya tui, wao wakaongeza jani lililo jamaa ya mkadi wetu. Mkahawa mmoja wa ghorofani ulituletea wali mkavu ulionyunyiziwa tui juu, kama marashi. Tulilipia kutazama boti.

Kwa Wamalabari mambo yalikuwa mengine. Appam yao, unga wa mchele na nazi uliochachuka, ni kibibi chetu kilichokaushwa pembeni. Mchuzi wa samaki ulikuwa na ukali wa tunda lao la kodampuli, pale sisi tungetia ukwaju au embe mbichi. Hatukuzungumza mpaka sahani ziliposafishwa.

Biriani ya Hyderabad ndiyo iliyotuletea kesi nyumbani. Nyama mbichi iliyolowekwa kwa mtindi hulazwa chini, wali uliofika nusu juu yake, chungu kikazibwa kwa unga uliokandwa. Kihandisi ni kazi ya ujasiri: mvuke hauna pa kutokea, na mpishi hawezi kufunua kukagua. Sisi hupika masala mbali na wali mbali, vikakutana kwenye sahani. Basi watoto wetu, waliozaliwa huku na kujifunza biriani kwenye menyu, wakatangaza kwamba ya bibi yao si biriani, ni wali na mchuzi.

Bibi mwenyewe, alipoambiwa kwa simu, aliuliza hiyo ya Wahindi inatiwa mbatata ngapi. Sasa watoto wanataka kujua kwa nini ya kwake ina mbatata.